Corvette ya 1972 imekaa miaka mingi bila kuwashwa, nianzie wapi kuirudisha?

KijanaWaKabureta

Wakuu habari zenu, naomba mawazo maana hapa nilipo kila ninayemuuliza ananiambia lake. Nimepata Corvette (gari la michezo la Chevrolet) aina ya kupe (coupe) ya 1972, ile yenye bampa za kromu mbele na nyuma, injini ni 350 (inchi za ujazo) ya kawaida, gia otomatiki, imekaa bandani miaka mingi mwenyewe hakuigusa tena. Kwa macho inavutia sana, bodi haina tobo hata moja la kutu, ila rangi imechoka imepasukapasuka hasa juu ya madigadi ya mbele, viti vimechanika, taa za mbele hazinyanyuki, tairi zote zimelala. Injini sijathubutu kuiwasha.

Mpango wangu ni nianze na injini iwake kwanza nipate moyo, halafu nikwangue rangi nipige mpya, mambo ya chini nimalizie mwisho. Fundi mmoja anasema bodi yote itolewe kwenye fremu ndo kazi ianze, mwingine anasema injini yenye farasi 200 haina maana nitoe niweke ya kisasa. Mi naipenda ilivyo na nataka niiendeshe, sio ikae tu kuangaliwa, lakini pia sitaki kuharibu kitu ambacho baadaye hakirudi. Kwa mliowahi kuzifungua hizi, nianzie wapi na kipi nisikiguse mpaka nijue ninachofanya?

MzeeChesi

Hongera kijana wangu, umepata gari nzuri na mwaka mzuri, 1972 ndo wa mwisho kuwa na kromu mbele na nyuma pamoja, 1973 mbele wakaweka bampa laini ya kupokea kishindo na 1974 nyuma nako kukafuata. Pia ni mwaka wa mwisho wa kile kioo cha nyuma kilichosimama ambacho kinachomoka.

Sasa hiyo sentensi yako ya "haina tobo la kutu" ndo imenifanya nikae niandike. Bodi ya hiyo gari ni faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini), haiwezi kupata kutu hata uizamishe baharini. Chuma kipo, ila kimefichwa ndani. Kuna kizimba cha chuma kinachozunguka kioo cha mbele, kinashuka kwenye nguzo za bawaba za milango, kinapita chini ya milango mpaka nguzo za nyuma na juu ya paa, faiba yote imegandishwa juu ya hicho. Halafu chini kabisa kuna fremu. Hivyo viwili vikioza gari inabaki ganda linalong'aa, na huwezi kujua kwa kuangalia nje, watu wanapiga rangi ya hali ya juu halafu mwaka unaofuata wanavunja kioo na kukata chuma, rangi yote imekwenda.

Kwa hiyo kabla ya injini, kabla ya kununua chochote, fanya hivi. Toa ule ufito wa kromu unaozunguka kioo cha mbele (taratibu, una klipu ndani na unapinda vibaya) uangalie pembe za juu na za chini za kioo. Maji yanaingia pale kwenye pembe, yanateremka ndani ya nguzo, yanakaa. Chukua bisibisi ukandamize, chuma kizima kitakurudishia mkono, kilichooza bisibisi inazama. Kisha ingia ndani, kule pembeni mwa miguu ya dereva na abiria kuna kifuniko cha plastiki, kitoe na umulike tochi, pale ndo nguzo ya bawaba inapokalia fremu kupitia maunti ya bodi (kikalio kinachofungia bodi kwenye fremu). Ukikuta unga wa rangi ya udongo umejaa pale chini ujue juu kuna kitu kimekuwa kikidondoka muda mrefu. Fungua mlango nusu uunyanyue kwa mkono kwenye ncha, ukicheza angalia kinachocheza ni pini ya bawaba au nguzo yenyewe, pini ni kazi ndogo, nguzo ni msiba.

Kwenye fremu nenda moja kwa moja mbele ya tairi za nyuma, pale fremu inapopanda juu. Matope yanaingia ndani ya boksi la fremu yanabaki humo. Gonga kwa nyundo kuanzia katikati ukienda nyuma na usikilize, mlio ukibadilika kutoka ule wa kengele ukawa mzito wa kufa, hapo pameisha. Na betri ya gari hii iko nyuma ya kiti cha dereva, asidi ikimwagika inateremka kwenye chuma cha chini yake, usipasahau.

Majibu ya hapo ndo yatakuambia kama bodi itoke au isitoke. Chuma kikiwa kizima usiitoe, huyo fundi anataka kukupa kazi ya miaka. Ikibidi kutoka, kila maunti ina vipande vyake vya bati vya kusawazishia, andika idadi ya kila sehemu na uvifunge hapohapo, maana milango kufunga sawasawa kunategemea hivyo.

Torque454

Mkuu mi naomba nitofautiane kidogo na wazee. Kama unataka kuiendesha kweli, weka injini mpya ya aluminiamu yenye injeksheni na boksi la gia nyingi, inawaka asubuhi bila kubembeleza, haichemki, mafuta inakula kidogo. Hizi 350 za 1972 zilishabanwa, mgandamizo ulishushwa mpaka 8.5 kwa 1, farasi 200 kwa gari yenye sura ile ni huzuni. Sisemi uitupe ya zamani, ifunge vizuri uiweke pembeni. Sio kila gari lazima liwe la makumbusho.

DadaSpana

Torque454 hoja ya kuwaka asubuhi nakubaliana nayo ila hiyo ya farasi ina maelezo yake. Mwaka 1971 injini ileile waliitangaza kwa farasi 270, lakini hiyo ilipimwa ikiwa uchi juu ya stendi, bila vifaa inavyobeba na bila ekzosti ya gari, ilipofika 1972 wakaanza kutangaza kipimo cha injini ikiwa na kila kitu chake, ikasomeka 200. Kwa hiyo mtu aliyeendesha ya 1971 na ya 1972 tofauti aliyoisikia barabarani ni ndogo sana. Na huo mgandamizo mdogo kwa leo ni faida, hizo za kuanzia 1971 walizitayarisha kwa petroli yenye risasi kidogo au isiyo nayo kabisa, inakunywa mafuta ya kawaida bila kugonga.

Kaka KijanaWaKabureta, baada ya chuma anachosema mzee, mi nakuomba uende kwenye breki na miguu ya nyuma (mikono, beringi na springi za tairi za nyuma) KABLA ya injini. Najua kuwasha kunatia moyo, ila gari ikishawaka utataka kuizungusha, na gari hiyo kwa sasa haisimami, nakuhakikishia bila kuiona.

Nieleze kidogo maana hapa watu wanateseka sana. Tairi zote nne zina diski, na kila kalipa (kifaa kinachobana diski) ina pistoni 4, jumla 16. Tundu za pistoni ni za chuma cha kawaida, maji yaliyo ndani ya mafuta ya breki yakikaa miaka yanazila zinakuwa na vishimo, sili inapita juu ya kishimo mafuta yanavuja. Kubadilisha sili peke yake hakusaidii, tafuta kalipa zilizowekwa bushi za chuma kisichoshika kutu.

Sasa lile linaloumiza vichwa. Unafunga kalipa mpya, paipu mpya, unatoa upepo, pedali ngumu safi kabisa, unaendesha wiki mbili tatu pedali inaanza kuzama, unaangalia hakuna hata tone chini. Unatoa upepo tena inarudi, halafu inazama tena. Watu wanabadilisha masta silinda bure. Shida ni diski yenyewe kuyumba. Kiwandani diski ilipigwa riveti kwenye habu (kitovu kinachobeba tairi), ndo ikachongwa vikiwa pamoja, kwa hiyo ilikuwa inakwenda sawa na habu yake. Mtu akija akatoboa riveti akaweka diski mpya bila kupima, inayumba kidogo sana, jicho halioni, ila kila mzunguko inasukuma pistoni ndani na nje, ndani na nje, na zile sili za mdomo zinavuta hewa kila pistoni inaporudi. Mafuta hayatoki ila hewa inaingia.

Dawa yake ni geji ya saa yenye sumaku, ifunge kwenye kitu kisichocheza, diski iibane kwa nati za tairi, zungusha taratibu usome. Kitabu cha kiwanda kinaruhusu inchi 0.005, mi sikubali zaidi ya 0.003. Ikizidi, jaribu kugeuza diski kwenye habu nafasi nyingine, au weka bati jembamba la kusawazisha upande mmoja, au ipeleke ichongwe. Na kama diski zako bado zina riveti za kiwandani na unene haujashuka chini ya inchi 1.215, ziache hapohapo, hizo ni dhahabu.

Nyuma: boliti ndefu inayoshika mkono wa nyuma kwenye fremu itakuwa imegandia ndani ya bushi. Usipigane nayo, watu wanaikata tu kwa msumeno wa umeme pande zote mbili. Ila kabla hujakata hesabu zile washa bapa zilizopangwa kila upande wa bushi, ndo zinazoweka tairi za nyuma ziangalie mbele sawasawa. Beringi za nyuma zinapangwa kwa bati za vipimo vya elfu za inchi na zinahitaji presi, kama hujawahi mpe mtu aliyezoea kazi hiyo. Na tafadhali ile springi ya majani inayolala kutoka tairi hadi tairi ina nguvu ya kutisha, weka jeki chini ya ncha yake uibebe ndo ufungue boliti ya pembeni, usifungue ikiwa huru, inaweza kuua mtu.

MzeeChesi

DadaSpana umeongea vizuri mno, hilo la upepo kwenye breki nimeona watu wanauza gari kwa sababu yake.

Kijana uliuliza usiguse nini. Viwili. Kwanza, juu ya tanki la mafuta, yaani upande usioonekana likiwa limefungwa, kiwanda cha St. Louis walibandika karatasi yenye orodha ya kila kitu kilichoagizwa na gari hiyo. Namba ya chesi haikuambii gari ilitoka na kiyoyozi au na rangi gani, hiyo karatasi inakuambia. Siku utakayoshusha tanki shusha pole, usiloweshe, usisugue, piga picha kwanza hata kama inasomeka nusu.

Pili, mbele ya injini upande wa abiria, pale bloku inapochomoza mbele ya silinda hedi kuna uso mdogo bapa. Futa grisi kwa kitambaa na mafuta ya taa, usitumie brashi ya chuma wala msasa. Utaona mistari miwili ya namba. Mmoja unaanza na V, maana yake injini ilifungwa Flint, halafu mwezi na tarehe, halafu herufi za aina ya injini. Mwingine unaanza 12S5, 1 ni Chevrolet, 2 ni mwaka 1972, S ni St. Louis, na tarakimu za mwisho lazima zilingane na namba ya chesi inayosomeka kupitia kioo cha mbele. Zikilingana, injini ni ya kuzaliwa nayo. Na siku ukipeleka bloku kuchongwa simama pale umwambie fundi kwa mdomo wako asiskimu ule uso wa juu bila kukuuliza, mashine ikipita mara moja tu zile namba zimefutika na hakuna wa kuzirudisha kihalali. Nimeona bloku nzuri zimemalizwa hivyo na fundi mwenye nia njema kabisa.

KijanaWaKabureta

Wakuu nashukuru sana, nimefanya mliyosema, naleta majibu.

Fremu mlio wake ni mzuri pande zote, nimegonga mpaka jirani kaja kuuliza. Nguzo za bawaba safi, ndani mle nimekuta majani makavu na kiota cha panya lakini chuma kigumu. Ila pembe ya juu ya kioo upande wa abiria bisibisi imezama, sehemu kama ya kidole gumba, na chini yake kuna vipele vya kutu. Namba za injini ZINALINGANA, zote, na herufi kwenye namba ya chesi ni K, yaani ile 350 ya farasi 200. Nimefurahi sijalala. Kwa hiyo Torque454 nakushukuru kaka ila injini haitoki.

Maswali mawili. Hiyo pembe ya kioo inahitaji bodi itoke? Na rangi nitaikwanguaje, kuna mtu ana mashine ya kupulizia mchanga ananiambia ni kazi ya siku moja.

Torque454

Namba zikilingana hata mimi nisingeitoa. Hongera mkuu.

FaibaNaRezini

MCHANGA HAPANA. Samahani kwa herufi kubwa ila hapa ndo gari nyingi zinafia. Mchanga ukipiga faiba unakula rezini unaacha nyuzi zimesimama, uso unakuwa na maelfu ya vitundu vidogo, utajaza praima mpaka uchoke na bado vitatokea baada ya rangi kukauka na kupigwa jua. Dawa za kulainisha rangi nazo chagua ile iliyoandikwa kabisa inafaa kwa faiba, ya kawaida inaingia kwenye rezini na kukaa humo.

Mi njia yangu ni wembe. Wembe mpana wenye mpini, unaulaza karibu usawa wa bodi unasukuma, rangi ya zamani inatoka kama maganda hasa ikiwa tabaka nyingi. Pembe za wembe zikwangue kidogo ziwe mviringo ili zisichimbe. Ni polepole kweli, mikono itauma, lakini unaona kila kitu kilichofichwa chini, utakuta mahali palipogongwa zamani pakajazwa puti nene kama unga wa chapati, utakuta na ile mistari ambapo paneli mbili zimegandishwa pamoja na ukanda wa ndani. Mistari hiyo ikipasuka usiweke puti, itarudi. Chimba umbo la V mpaka ufike kwenye faiba nzima, pana kiasi, halafu jenga kwa mkeka wa nyuzi na rezini tabaka kwa tabaka, kila tabaka pana kuliko lililotangulia. Nyufa za madigadi unazosema angalia kama ni za rangi tu au zimeingia ndani, ukikwangua ndo utajua, nyufa zenye umbo la nyota kwa kawaida kuna kitu kiligonga kutoka chini.

Usipige msasa wa maji kwenye faiba iliyo uchi. Ikishakuwa uchi iache ikae sehemu kavu yenye joto siku kadhaa itoe unyevu na harufu ya dawa, kisha epoksi praima. Vaa barakoa ya kweli na mikono mirefu, vumbi lake linawasha na mapafu hayalisamehi.

Kuhusu pembe ya kioo, kama ni hapo tu bodi haitoki. Kioo kitoke (kina gundi, kuna waya maalum wa kukata), kata chuma mpaka ufike penye afya, chomelea bati jipya kwa vipande vifupivifupi ukipoza na kitambaa cha maji, maana faiba na gundi yake viko sentimita chache tu na vinashika moto. Mtu mwenye maji asimame karibu. Fanya hiyo kabla ya rangi.

DadaSpana

Nafurahi kwa namba hizo! Sasa injini, breki zikishakuwa tayari. Usiguse switchi. Toa plagi zote 8, mimina oili nyepesi kidogo kila silinda, acha ilale siku moja mbili, halafu zungusha kwa mkono kwa spana kwenye boliti ya pulei ya chini. Ikikataa usilazimishe, ongeza oili ungoje. Petroli ya zamani mwaga yote, osha tanki (kumbuka ile karatasi!), badilisha mipira yote ya mafuta.

Kitu kizuri cha hizi Chevrolet ni kwamba pampu ya oili inazungushwa na shafti ya distribyuta, kwa hiyo weka alama, chomoa distribyuta, ingiza chombo chake kwenye drili uzungushe kuelekea mwendo wa saa mpaka geji ya oili ipande na oili itokee juu kwenye roka. Hapo beringi hazitaguswa kavu siku ya kuwasha. Oili chagua yenye zinki ya kutosha kwa sababu kamshafti ya humu (mhimili unaofungua vali) inasuguana na tapeti bapa. Ukibadilisha kamshafti na tapeti zake, mara tu ikiwaka ipandishe mpaka mizunguko 2000 hivi kwa dakika uiweke hapo dakika 20 mpaka 30, usiiache ikae sailensa (izunguke polepole bila kukanyagwa) hata kidogo, kamshafti mpya inakufa dakika zile za kwanza.

Ikichemka ukiwa barabarani usikimbilie radieta kubwa, angalia kwanza zile sponji na mipira inayoziba kuzunguka radieta. Gari hii inavuta hewa kutoka chini ya pua, sili zikikosekana hewa inapita pembeni.

KijanaWaKabureta

Dada asante, hilo la drili sikuwahi kulisikia. La mwisho, taa za mbele kunyanyuka na kile kifuniko cha waipa, umeme nimeupima upo, ila haviendi.

MzeeChesi

Kwa sababu havinyanyuliwi na umeme, ni vakyumu ya injini, yaani nguvu ya injini kuvuta hewa. Injini haijawaka, hakuna cha kunyanyua. Lakini baada ya miaka yote hiyo mipira itakuwa imekauka tu, kwa hiyo nunua pampu ndogo ya mkono ya vakyumu upime kipande kimoja kimoja sasa hivi: tanki la akiba mbele, vali isiyorudisha hewa, swichi, rilei, halafu chungu cha kila taa (kopo linalosukuma taa kwa vakyumu). Kila kimoja kivute, ukiachia pampu sindano ibaki pale ilipo, ikishuka umepata mwizi. Kwenye vile vyungu vya taa inayovuja sana ni sili ya ule mti unaotoka na kuingia, vuta ukiwa umeshika mti huo kwa mkono utasikia hewa. Mipira usichomoe yote kwa pamoja, mmoja ukitoka mpya unaingia palepale.

Na taa zenyewe zikinyanyuka halafu zikawaka hafifu, usitafute balbu, tafuta waya wa athi. Bodi ya faiba haipitishi umeme, kila taa ina waya wake mweusi unaorudi kwenye chuma, safisha kila ncha mpaka ing'ae. Ukimaliza pembe ya kioo tuletee picha kabla hujafunika na rangi.